Mwaka Nilipokataa Mhimili wa Bwana Seif

Juzi tulimzika Bwana Seif. Wanawake tulikaa chumba cha nyuma, kile kinachotazama ua wa jikoni, na kama ilivyo kwenye misiba yote ya mji huu, kisomo kilipokwisha zikaanza habari. Chai ya tangawizi ilizunguka, maandazi yakazunguka, na midomo nayo haikukaa. Mwanamke mmoja wa upande wa wakwe, simjui jina na sina haja ya kulijua, alimwinamia mwenzake akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Uyu njo ule aliacha mama yake akufe peke yake kule Nyanza-Lac. Na avion alikuwa nayo." Mwenzake akaguna. Nilikuwa na andazi mdomoni, la sivyo ningejibu hapohapo, na ningejibu vibaya, maana ulimi wangu haukuwahi kuwa na breki. Nilipomaliza kutafuna, Salma, binti wa marehemu, alikuwa ameshanishika goti. "Waache, dada Mwaju," alininong'oneza. "Hawajue." Ni kweli, hawajui. Ninayejua ni mimi, kwa sababu aliyemzuia Bwana Seif kumfuata mama yake kwa ndege ni mimi.

Ulikuwa mwaka wa vikwazo. Vita vilikuwa vimeshazoeleka, nchi jirani zimefunga mipaka, na Bujumbura ilikuwa inajifunza kuishi bila vitu. Petroli iliuzwa kwa chupa kando ya barabara, sabuni ilikatwa vipande vyembamba, na mtu akipata balbu mpya aliipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Asubuhi tuliulizana kwanza mitaa imelalaje, Cibitoke vipi, Musaga vipi, ndipo salamu nyingine zikafuata. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipanga chumba Nyakabiga kwa mama mmoja mkali aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na nguo zangu zote zilinuka ndagala na grisi kwa pamoja. Nilikuwa fundi wa ndege. Watu wakiniuliza kazi yangu nikajibu hivyo, walicheka, kisha wakatazama kucha zangu, wakaacha kucheka. Vyakula vilikuwa vichache na hofu nyingi, na bado nikiukumbuka mwaka ule moyo wangu unafurahi kwanza kabla ya kukumbuka kwamba haupaswi kufurahi.

Hanga letu lilikuwa mwisho kabisa wa uwanja wa ndege, karibu na matete, bati juu na bati pembeni, na ikifika saa sita mchana ungeweza kukaanga yai sakafuni. Ukifungua mlango asubuhi, harufu ya ziwa iliingia kabla yako. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya mbao, viti viwili visivyolingana urefu, imbabura yetu ya mkaa ya kupikia chai, na ndege moja ndogo, nyeupe yenye mstari wa kijani, iliyotengenezwa kabla sijazaliwa. Mwenyewe alikuwa Bwana Seif, muuza vitambaa na vyakula, wa zile familia za Kiarabu zilizokaa mjini humu miaka mingi. Alijifunza kurusha ndege ujanani kwa wivu tu, kwa sababu rafiki yake alijifunza. Rafiki aliacha, yeye akanasa. Mkewe, Mama Salma, alisema mbele ya wageni bila kuficha: "Iyi avion njo muke wa kwanza. Mi niko wa pili." Bwana Seif alicheka kila mara, na hakukanusha hata mara moja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Anselme, mtu mwembamba, mkimya, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, ambaye alikuwa hangani mle tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka ule mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, kwa hiyo kazi za mikono aliniachia, yeye akabaki kitini akinielekeza kwa kidevu. Na kazi aliyoitilia mkazo kuliko zote, hata kuliko injini, ilikuwa mihimili ya mabawa. Ndege za namna ile bawa liko juu, na kila upande kuna bomba la chuma lililobanwa bapa kidogo, linatoka chini ubavuni mwa ndege na kupanda mshazari kwenda kulishika bawa. Bomba hilo ndilo mhimili. Anselme aliliita hoba, kwa Kifaransa chake cha karakana. Likikatika, bawa halina mwenyewe. Kwa nje ni kitu kitulivu, kimepakwa rangi, kimenyooka. Ubaya wake uko ndani, kwa sababu ni tupu, na maji ya mvua yakipata upenyo juu yanateremka mpaka ncha ya chini, na tundu la kutolea maji huko likiziba yanakaa humo, yanakula chuma taratibu huku rangi ya nje inang'aa. Mvua zilipokwisha tuliifungua mihimili, tukamwaga kilichomo, tukaianika juani, kisha tukamimina mafuta ya kitani yaliyopashwa moto na kuiinamisha huku na huku, mimi ncha moja na Bwana Seif ncha nyingine, mpaka mafuta yalambe kila mahali ndani. Tulipoirudisha tuliziba matundu ya juu ili nyigu wasijenge humo. Sehemu ya chini tuliizungushia vipande vya blanketi, maana kila mgeni aliyeingia hangani lazima aigonge kwa paji la uso. Mtu akishika mhimili ili kusukuma ndege, Anselme alimkaripia kana kwamba ameingiza mbuzi kanisani.

Katika vitu vilivyopotea mjini kwa vikwazo, mafuta ya kitani yalikuwa ya kwanza. Kisha, mvua zikiwa bado zinanyesha, mji ukafungwa kwa siku kadhaa. Vijana waliweka mawe barabarani, na si mimi wala Anselme aliyeweza kufika hangani. Bwana Seif hakuweza kutulia nyumbani akiwaza ndege yake inaloa unyevu. Alipita njia za nyuma kwa msaada wa askari anayemfahamu, akabeba mawese kutoka dukani kwake, akayapasha kwenye imbabura yetu ya chai na kuyamimina kwenye mihimili yote miwili ikiwa palepale kwenye ndege. Tuliporudi tulimkuta anatusubiri mlangoni, amejaa sifa.

"Nimeipa mawese ya Rumonge," alituambia. "Sasa iko na nguvu kutupita sisi wote."

"Papa Salma," Anselme akamuuliza polepole, "ulikuwa unatengeneza avion ao unapika isombe?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini, maana isombe, kisamvu chetu, hakipikwi bila mawese. Mafuta mengine hayakuwepo, na mawese si maji, kwa hiyo Anselme alikubali yabaki mpaka kitani kipatikane. Wiki nzima siafu walipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye gurudumu, na hanga likanuka kama jiko la sikukuu. Tulikula maharage yetu chini ya bawa tukisikia njaa mara mbili. Nikifumba macho leo naweza kuisikia ile harufu, na Anselme akimtania tajiri wake kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno.

Mama yake Bwana Seif, Bibi Rukia, aliishi Nyanza-Lac, kusini kabisa, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Alikataa kuihama. Barabara ya kusini, ile inayofuata ziwa, ilikuwa inavamiwa. Magari yalikwenda kwa msafara wa wanajeshi na hata hivyo mengine hayakufika. Habari za mama zilikuja kwa fonia, ile redio ya kuongelea ambayo wafanyabiashara waliitumia kuulizana bei, na mazungumzo yake husikika na kila aliye chumbani. Kuelekea kiangazi habari zikawa mbaya. Mguu umevimba, kisha ini, kisha hasimami. Kulikuwa na kiwanja cha majani karibu na Nyanza-Lac ambako Bwana Seif aliwahi kutua zamani. Alitafuta kibali, akakipata. Alikuwa amehifadhi pipa la mafuta ya ndege tangu kabla ya vikwazo. Angekwenda asubuhi, amlaze mama kwenye kiti cha nyuma, arudi kabla ya adhuhuri. Mama Salma alisafisha chumba kinachotazama ua, akatandika shuka mpya, akaweka birika la kutawadhia karibu na kitanda.

Kilichobaki ni kuipima ndege, maana ilikuwa haijaruka miezi mingi. Hapa lazima nieleze desturi ya hanga letu. Anselme aliamini kwamba mtu hapimi vizuri kitu ambacho hatakipanda, kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: aliyepima mihimili ndiye anayekaa kando ya rubani katika safari ya kwanza. Miaka yake yote alipanda yeye. Mwaka ule mkono ulimkatalia, akanikabidhi kipimio chake, msumari mgumu wenye springi ya vali nyuma yake. Unaukandamiza kwenye chuma, unasogea kidogo, unakandamiza tena, toka juu mpaka chini. Chuma kizima kinabaki na mkwaruzo tu. Chuma kilicholiwa ndani kinabonyea.

Niliufanyia kazi mhimili wa kushoto, ukawa mzima. Nikahamia wa kulia, nikishuka kidogokidogo, Bwana Seif nyuma yangu akihesabu tasbihi. Karibu na ncha ya chini msumari uliingia. Uliingia kidogo sana, ukaacha kishimo cha ukubwa wa punje ya dengu. Nilipima pembeni yake, kukakataa kubonyea. Nilirudia palepale, kukabonyea tena.

"Mwaju, iko nini?" Anselme aliuliza kutoka kitini.

"Imeingia."

Alikuja akapapasa kwa kidole cha mkono wa kushoto. Bwana Seif naye akapapasa.

"Iyi ni kitu kidogo," alisema. "Mi nitaenda pole pole. Asubui hakuna upepo. Ni kwenda na kurudi."

"Papa Salma, siwezi kusema iko muzima."

"Ni mama yangu, Mwaju."

"Ninajua. Lakini siwezi kusema iko muzima."

Akaitia tasbihi mfukoni. "Sema kweli basi. Ni kwa sababu njo we utapanda. Unaogopa."

"Ninaogopa," nilimjibu. "Na chuma nayo imeingia."

Akamgeukia Anselme. Walikuwa marafiki tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na nilijua Anselme akitamka neno moja tu, mimi nitaonekana msichana mwoga aliyekutana na doa la rangi. Mzee alirudi kitini kwanza, akaushika ule mkono wake ili utulie. "Mu iyi hanga," akasema, "mwenye kupima akisema apana, ni apana. Ata mimi siwezi kusema tofauti." Bwana Seif hakugomba. Alichukua spana, akaufungua mhimili ule kwa mikono yake mwenyewe, akaufunga juu ya gari na kwenda nao nyumbani. Nilimwambia tuukate tuone ndani. Alisema hakuna atakayekata kitu chake, atatafuta mtu mwingine wa kuupima. Watu wengine wa kazi ile walikuwa wameshaondoka nchini zamani, na yeye alijua hivyo kama mimi. Kuurekebisha hakukuwezekana na mwingine haukuweza kuingia nchini, kwa hiyo ndege ilibaki na bawa la kulia limeegemezwa kwenye ngazi.

Tangu siku ile hakunisemesha. Chakula cha mchana kilikuja hangani kama kawaida, kwa sababu Mama Salma hakuwa mtu wa kukata chakula cha mtu. Pilau ya Ijumaa ilifika, mchuzi wa mukeke, samaki wa ziwa letu, ulifika, sambusa zilifika zimefunikwa kitambaa. Ila bwana mwenyewe akiingia alimsalimu Anselme tu. Niliumia sana, sitaki kulipamba hilo. Nilikuwa nampenda yule mtu kama ndugu wa baba. Na kilichoniuma zaidi ni lile neno lake la woga, kwa sababu hata mimi sikuwa na hakika kwamba si kweli. Nililala nikisikia msumari unaingia, nikaamka nikijiuliza kama uliingia kwa sababu chuma kimeoza au kwa sababu mkono wangu, ukijua nani atapanda, ulikandamiza kupita kiasi. Kama chuma kile kilikuwa kizima, basi nilikuwa nimemnyima mtu mama yake kwa woga wangu.

Siku moja nilitumwa dukani kwake kuchukua sabuni nikakuta fonia inaongea. Wateja walikuwa wamejipanga, mwingine ameshika kitenge begani, na sauti ya Bibi Rukia ilikuwa inatoka katikati ya mikwaruzo, nyembamba lakini haina haraka. "Seif, unakuya lini?" Bwana Seif alikuwa ameinamia mashine. "Karibuni, mama. Inshallah karibuni." Kukawa na mikwaruzo tu, kisha sauti ikarudi: "Nimefulisha kanzu yako ya zamani. Ukikuya utakuta iko safi." Bwana Seif alijibu "Ndiyo, mama," akaongeza "Ndiyo, mama," na mimi nikatoka bila sabuni, nikapita mtaa mzima nikilia mbele ya watu. Aliomba nafasi kwenye misafara ya barabarani. Wa kwanza uliahirishwa, wa pili ukageuzwa njiani kwa risasi, na yeye alikuwa ndani yake.

Bibi Rukia alikufa mvua zilipoanza kurudi. Alizikwa kulekule siku hiyohiyo kama dini inavyotaka, na mwanawe akasikia mazishi kwa fonia, mtu mmoja akimweleza nani ameshika jeneza na nani ameingia kaburini. Nilikwenda kutoa pole. Alikuwa ameketi na wanaume, macho makavu, anapokea mikono. Kesho yake alifungua duka. Watu wakasema ni mtu wa moyo mgumu. Mama Salma aliniambia jikoni, huku anachambua mchele, kwamba mumewe hajatoa chozi, hali chakula cha usiku, na ule mhimili ameuweka ukumbini kando ya ukuta, anaupita kila akienda msalani. "Ule chuma unanitia woga," alisema. "Ni kama iko na mutu mu nyumba."

Baada ya siku chache Bwana Seif akaniita. Alituma neno kwa Anselme: Mwaju aje nyumbani mchana na msumeno wa chuma. Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta uani, ameuweka mhimili juu ya vigoda viwili vya jikoni, na blanketi letu kuukuu bado limeuzunguka. Hakunisalimu.

"Kata," alisema.

"Papa Salma, tukikata, auwezi kufanya kazi tena."

"Ninajua. Mama amekwisha kwenda. Mi ninataka kujua tu."

Nilivua blanketi nikaanza. Nilikata palepale juu ya kile kishimo, na msumeno ulipopenya yalitoka maji, meusi, yenye harufu ya bwawa, yakamwagika miguuni mwetu. Baada ya maji ndipo yakaja mawese, mazito, yameganda nusu, rangi yake ile nyekundu haijafifia. Niliinama nikapapasa ncha ya chini nikakuta kizibo cha mti, kimekatwa vizuri na kupakwa rangi nyeupe, ndiyo maana hata sisi hatukukiona. Tundu lile la chini ndilo la kutolea maji.

"Ni miye niliweka," Bwana Seif alisema. "Mafuta yasimwangike."

Sikuhitaji kumweleza. Alikuwa muuza mafuta. Alijua kuliko mimi kwamba mafuta hukaa juu na maji hukaa chini. Maji ya mvua yalikuwa yamefungiwa humo chini ya mawese yake, hayana pa kutokea wala pa kukaukia, yakafanya kazi yao miezi yote ile. Nilimalizia kukata. Kipande kilipoanguka tuliona ndani: chuma kilikuwa kimegeuka maganda juu ya maganda, kahawia, yanabomoka. Bwana Seif akaweka kidole gumba pale kwenye kishimo changu, kwa nje, akasukuma. Hakusukuma kwa nguvu. Kidole kilipita mpaka upande wa pili.

Nilifurahi. Nasema kweli yangu, nilisimama mbele ya mtu aliyefiwa, nikaona kutu, na nikafurahi mpaka nikakaa chini kwenye yale maji.

Yeye alikitoa kidole, akakitazama, kimejaa kutu na mafuta. "Tungeanguka," alisema.

"Tungeanguka."

"Na mama iko ndani."

Alikaa chini kando yangu, kanzu nyeupe na kila kitu, akasema, "Mwaju, nimekukasirikia miezi yote. Nilikuwa naamka na wewe, nalala na wewe. Sikupata nafasi ya kulia mama." Kisha uso wake ukakunjamana na sauti ikamtoka, sauti ya mtu mzima anayeita mama, mpaka mlango wa jikoni ukafunguka na Salma akachungulia, wakati huo bado mtoto wa shule. Baba yake alimwinulia ule mkono mchafu.

"Leta mukeka, mwanangu," alimwambia. "Na uite mama yako. Leo njo bibi yako amekufa."